Kwa nini nyasi huungua katika gemu moja na haziungui katika nyingine

Ukiingia YouTube ukatafuta ulinganisho wa gemu, hutakosa video za aina hii: kushoto gemu ya miaka mingi iliyopita, kulia gemu mpya iliyomeza mamilioni ya dola. Mchezaji anapiga risasi tangi la maji. Kushoto maji yanachuruzika pale pale risasi ilipopenya. Kulia tangi limesimama kama halikuguswa. Anagonga mti kwa gari, anatupa kitu mtoni, anavunja kioo cha dirisha. Mara nyingi ya zamani inashinda, na hukumu ya watazamaji ni ile ile: watengenezaji wa siku hizi ni wavivu, wanajali sura tu.

Mjadala huo umepamba moto zaidi tangu studio ya Rockstar ilipotoa trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI, Desemba 2023. Watu wamesimamisha kila picha ya trela wakihesabu vitu ambavyo huenda vitaguswa, vitavunjika au kulowa. Sioni ubaya wowote katika shauku hiyo. Lakini maneno "dunia iliyo hai" na "kila kitu kinaguswa" yanatumika ovyo mno kiasi kwamba watu wawili hubishana saa nzima bila kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia jambo lake.

Tuanze na maana. Gemu ya dunia wazi ni ile inayokuachia eneo kubwa uzunguke utakavyo, ufuate hadithi au uiweke kando kwanza. Mazingira ni kila kilichomo katika eneo hilo ambacho si wewe: ardhi, maji, hali ya hewa, miti, majengo, vyombo vya mezani, wanyama. Mwingiliano na mazingira ni uwezo wa vitu hivyo kubadilika kwa sababu ya ulichokifanya, kisha mabadiliko hayo yakurudie na kukubadilishia mchezo. Nusu hii ya pili ndiyo husahaulika.

Ndani ya neno hilo moja mna mambo matatu. La kwanza ni kuitikia: unagusa, kitu kinaonyesha kwamba kimeguswa. La pili ni kutumika: kitu kilichobadilika kinakusaidia au kinakuletea balaa. La tatu ni kukumbukwa: ukiondoka ukarudi, mabadiliko yapo. Gemu inaweza kuwa hodari sana katika moja na hohehahe katika jingine. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ni hodari wa kuitikia. Ukitembea kwenye theluji miguu inazama na nyuma yako unabaki mfereji wa nyayo. Matope yanaganda kwenye nguo. Mzoga wa mnyama ukiuacha porini unaanza kuoza. Lakini tega baruti kwenye ukuta wa nyumba, moshi ukitawanyika utaikuta nyumba imesimama. Hiyo haiifanyi kuwa gemu mbaya. Inakuonyesha tu jasho la watengenezaji lilimwagika wapi.

Picha na mwili

Kila kitu unachokiona kwenye skrini kina sura mbili. Ya kwanza ni picha: maelfu ya pembetatu ndogo zilizovikwa rangi hadi zikawa mti, jiwe au ukuta. Ya pili haionekani kabisa. Ni umbo rahisi, mara nyingi boksi au nguzo, ambalo kompyuta hulitumia kujua kama kitu kimegongana na kingine. Mti wenye matawi na majani tele unaweza kuwa, kwa sura hii ya pili, nguzo tupu: shina lina umbo la kugongana, majani hayana. Ndiyo maana risasi hupita katikati ya majani bila hata moja kuanguka, na mhusika wako hutembea ndani ya nyasi ndefu kana kwamba ni moshi. Nyasi hizo hazijapewa mwili.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kitu katika gemu hakianzi kikiwa na uwezo wote kisha watengenezaji wakakipunguzia. Kinaanza kikiwa picha tu. Uzito, ugumu, kuungua, kulowa, kuelea, kuvunjika, mlio wake kinapoanguka: kila kimoja lazima mtu akiongeze kwa makusudi, akijaribu, akakubali kukigharamia kwa nguvu za kompyuta. Ule mlango wa nyumba unaokataa kufunguka hauna chumba nyuma yake. Ni ukuta uliochorwa mlango.

Na nguvu hizo ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Gemu inayoonyesha picha 30 kwa sekunde ina takriban milisekunde 33 za kuandaa kila picha. Inayoonyesha 60 ina chini ya 17. Katika muda huo mfupi kompyuta inapaswa kusoma vidole vyako, kuamua kila adui afanye nini, kusogeza miili, kuchanganya sauti, kisha ichore kila kitu. Sasa vunja ukuta uwe vipande 200. Ukitaka kujua kipande kipi kinagusana na kipi, jozi zinazowezekana ni 19,900. Injini za fizikia, yaani ile sehemu ya programu inayosimamia mwendo na migongano, zina mbinu za kuruka jozi zilizo mbalimbali, lakini mzigo unabaki kuwa mzito. Ndiyo sababu katika gemu nyingi vifusi huyeyuka baada ya sekunde chache. Havikusahaulika, vimefutwa ili mchezo usikwame.

Kwa hiyo ile imani kwamba kadiri grafiki zinavyopendeza ndivyo mazingira yanavyokuwa hai ina kasoro kubwa. Mara nyingi viwili hivyo vinagombania mfuko mmoja. Ultima VII ya mwaka 1992 ilikuwa na picha ndogo zilizochorwa kwa pikseli chache, ilhali mchezaji aliweza kuchukua unga, akauchanganya na maji, akaweka donge kwenye tanuri akatoa mkate. Kikapu, mshumaa, kiti, vyote viliweza kuhamishwa. Picha ilikuwa rahisi, kwa hiyo kumpa kila kitu kazi kulikuwa rahisi pia. Leo kiti kimoja huchukua siku kadhaa za msanii kukichora, na ukitaka kivunjike, ndani ya mbao zake nako lazima kuchorwe.

Sheria chache, matokeo mengi

Kuna njia mbili za kuyafanya mazingira yafanye kazi, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha mada hii.

Njia ya kwanza ni kuandika kila tukio kwa mkono. Daraja hili likipigwa bomu, litaanguka hivi. Pipa hili jekundu litalipuka, lile la kijani halitalipuka. Tuseme una vitu 40 na nguvu nane zinazoweza kuvigusa: moto, maji, upepo, umeme, baridi na kadhalika. Hizo ni jozi 320 za kuandika na kujaribu moja moja, na kila kitu kipya kinaongeza kazi nane. Watengenezaji huishia kuchagua chache za kuvutia na kuziacha nyingine. Mchezaji naye hujifunza haraka kwamba kitu kinachoguswa ni kile kilichowekewa alama, basi anaacha kuutazama ulimwengu na kuanza kutafuta alama.

Njia ya pili ni kuandika sheria za jumla, kisha kukipa kila kitu sifa zake na kuziachia sheria zifanye kazi. Mfano ulioeleweka kuliko yote ni The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017. Mwaka huo huo, katika mkutano wa watengenezaji wa gemu uitwao GDC, Hidemaro Fujibayashi, Satoru Takizawa na Takuhiro Dohta wa Nintendo walieleza walivyoijenga. Sambamba na injini ya fizikia waliweka kitu walichokiita injini ya kemia. Fizikia inashughulikia mwendo, kemia inashughulikia hali: kinaungua, kimeganda, kimelowa, kina umeme. Waligawa vitu makundi mawili. Kuna elementi, kama moto, maji, barafu, upepo na umeme. Na kuna vitu vya kawaida, kama mbao, chuma, nyasi, nyama, mwili wa adui. Kisha sheria tatu: elementi inaweza kubadili hali ya kitu, elementi inaweza kubadili elementi nyingine, kitu hakiwezi kubadili hali ya kitu kingine.

Sheria tatu basi. Tazama zinachozaa. Uko kwenye uwanda wa nyasi, mbele yako kuna kambi ya maadui wenye rungu za mbao. Unapitisha mshale wa mbao kwenye moto wa kuni, ncha inashika moto, unaurusha nyasini. Nyasi zinawaka na upepo unausukuma moto kuelekea kambini. Rungu zinashika moto mikononi mwa maadui, ambao sasa ni hatari zaidi kuliko mwanzo. Tofaa lililokuwa limeanguka chini linaiva. Moto unapandisha hewa, wewe unafungua mwavuli wako wa kurukia, hewa inakuinua juu ya vurugu yote. Halafu mvua inaanza: moto unazimika, miamba inateleza usiweze kuikwea, mishale ya mabomu inashindwa kulipuka, na kama mvua hiyo ina radi, upanga wa chuma ulioubeba mgongoni unaanza kutoa cheche kukuonya kwamba wewe ndiye utakayepigwa. Hakuna aliyeandika tukio hilo. Liliandikwa kwa vipande, na mchezaji ndiye aliyeviunganisha.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi ni wa mafumbo ya umeme. Katika baadhi ya mahekalu ya gemu hiyo unatakiwa kusogeza maboksi ya chuma ili umeme ufike kwenye mlango. Wachezaji walikuja kugundua kwamba wanaweza kudondosha panga na ngao zao za chuma sakafuni, wakazipanga mstari, mlango ukafunguka. Gemu haikukataa, kwa kuwa kwake upanga na boksi ni kitu kimoja: chuma. Mchezaji alitumia akili yake ya kawaida kuhusu dunia, na dunia ikamkubalia. Jambo hilo lina thamani kubwa kuliko vioo elfu vinavyovunjika.

Kabla ya kujenga ulimwengu ule mpana, timu hiyo ilitengeneza mfano mdogo wa pande mbili, wenye sura ya Zelda ya kwanza ya mwaka 1986, ili kupima kama sheria zenyewe zinafurahisha bila pambo lolote. Ukitazama nyasi za Breath of the Wild kwa karibu utaona si za kifahari. Majani ni vipande vichache vya rangi. Ziliungua kwa sababu zilibaki rahisi.

Sheria za jumla nazo zina gharama yake: hazina adabu. Tears of the Kingdom ya mwaka 2023 ilimruhusu mchezaji kuunganisha karibu kitu chochote na kingine, atengeneze gari, mashua au mtambo wa kuruka. Mwaka uliofuata, tena GDC, Takahiro Takayama aliyeongoza upande wa fizikia alieleza kwamba vitu vilivyokuwa bado vikiendeshwa kwa mwendo uliopangwa kabla vilikuwa vikivuruga ulimwengu pindi vilipokutana na vinavyofuata fizikia. Suluhisho lilikuwa gumu: vitu hivyo navyo viendeshwe na fizikia, bila upendeleo. Nusu nusu haikufanya kazi.

Wengine huamua kuifunga sheria kamba. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilikuwa na moto uliosambaa kwenye nyasi kavu kwa kufuata upepo, jambo la kushangaza kwa wakati wake, lakini moto huo huchoka mapema. Ungeachiwa, ungeteketeza ramani na kompyuta pamoja nayo. Minecraft nayo inaangusha mchanga na changarawe ukiondoa kilichoko chini, ila mti ukiukata shina, sehemu ya juu inabaki ikielea angani. Watoto wengi huuliza kwa nini. Kama kila bloku, yaani kila tofali la kujengea, ingetii mvutano wa ardhi, kila nyumba ingehitaji hesabu ya mhandisi, na gemu iliyopendwa kwa uhuru wa kujenga ingekuwa mtihani wa ujenzi.

Red Faction: Guerrilla ya mwaka 2009 ilithubutu kuelekea huko. Majengo yake ya kwenye sayari ya Mirihi hubebwa na nguzo na mihimili inayokokotolewa kweli. Ng'oa nguzo za upande mmoja, ghorofa inalemewa na kuporomoka. Lakini ardhi yenyewe haichimbiki, na mandhari ni jangwa lenye majengo machache yaliyotawanyika. Kilichotolewa upande mmoja kililipwa upande wa pili.

Gemu inakumbuka nini

Sasa tuje kwenye sehemu inayoleta malalamiko mengi kuliko zote: umekata mti, umeondoka, umerudi, mti umesimama tena.

Dunia wazi haikai yote ndani ya kumbukumbu ya mashine kwa wakati mmoja. Inapakiwa kipande kwa kipande kadiri unavyosogea, na kilichoko nyuma yako hutupwa kupisha kilichoko mbele. Ukirudi, kipande kile hupakiwa upya kutoka kwenye diski, kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Ili kikumbuke ulichokifanya, gemu inabidi iwe imeandika mahali fulani. Inafanya kama mwalimu anayepita darasani akiandika watoro tu: hahitaji kuandika waliopo, anaandika tofauti. Pipa la tatu halipo mahali pake. Mlango wa saba umefunguliwa. Faili la kusevu kwa kiasi kikubwa ni orodha ya watoro hiyo.

Orodha hiyo hukua. Skyrim ya mwaka 2011 inajulikana kwa kukumbuka: bilauri uliyoiweka juu ya meza ya nyumba yako utaikuta pale pale. Wakati huo wachezaji wengi wa PlayStation 3 walilalamika kwamba kadiri faili lao la kusevu lilivyokua, ndivyo gemu ilivyozidi kuwa nzito. Mashine hiyo ilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu kuu na nyingine 256 za grafiki. Simu ya kawaida ya leo ina mara nyingi zaidi. Skyrim pia huyarudisha mapango na kambi nyingi katika hali ya mwanzo baada ya siku kadhaa za ndani ya gemu. Inachagua cha kukumbuka.

Breath of the Wild iligeuza usahaulifu huo kuwa sehemu ya hadithi. Kila baada ya takriban siku saba za ndani ya gemu, ambazo ni kama saa mbili na dakika 48 za mchezo, mwezi mwekundu unachomoza na maadui uliowaua wanafufuka. Orodha inafutwa, na mchezaji anaogopa badala ya kulalamika. Kwangu huo ni ubunifu wa hali ya juu: udhaifu wa mashine umepewa jina na muziki wake.

Je, ni uvivu?

Rudi kwenye mfano unaotajwa sana. Wachezaji husema magari ya Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008 yanabonyea zaidi yakigongwa kuliko ya Grand Theft Auto V ya mwaka 2013, na wana haki. Lakini gemu hizo mbili zilitoka kwa ajili ya mashine zile zile, PlayStation 3 na Xbox 360. Ya pili ilibeba ramani kubwa zaidi, wahusika wakuu watatu unaoweza kuruka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, milima na bahari ya kuzamia. Mashine haikuongezewa hata baiti moja. Anayeita hilo uvivu aseme kwanza yeye angepunguza nini.

Simaanishi kila malalamiko ni ya kupuuzwa. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 polisi walikuwa wakitokea ghafla nyuma ya mchezaji bila kuja kutoka popote, na ilichukua hadi toleo la 2.0, Septemba 2023, mfumo huo kuundwa upya. Mtu aliyenunua gemu kwa ahadi ya jiji lenye uhai ana haki ya kuuliza.

"Basi mashine mpya zitamaliza tatizo." Kwa sehemu tu. Kuna vizuizi ambavyo kasi peke yake haiviondoi. Katika gemu nyingi mwanga na vivuli vilikokotolewa studioni kabla gemu haijauzwa, vikabandikwa kwenye kuta kama rangi. Ukibomoa paa, jua halina habari. Mashine za kuanzia mwaka 2020 zinaweza kufuatilia miale ya mwanga papo hapo, na hilo ninalitazama kwa matumaini zaidi kuliko wingi wa pikseli, kwa sababu ukuta usio na mwanga uliobandikwa ni ukuta unaoweza kuvunjwa. Wahusika nao hutembea kwa kufuata ramani ya njia isiyoonekana iliyotandazwa juu ya ardhi. Ukibadili ardhi, ramani lazima ichorwe upya. Na katika gemu za wengi mtandaoni, kila kipande kilichoanguka lazima kianguke mahali pamoja kwenye skrini ya kila mchezaji.

Kuna na hadithi. Ukiweza kubomoa ukuta wowote, mlango uliofungwa hauna maana, mlinzi hana maana, na misheni iliyopangwa kwa miezi inamalizwa kwa nyundo. Mbunifu anayetaka kukusimulia jambo kwa mpangilio hulazimika kushika baadhi ya kuta mkono. Mimi binafsi huvutiwa na gemu zinazoachia, lakini siwezi kusema kwamba aliyeshika amekosea.

Anayetaka kuipima gemu mwenyewe bila kungoja video ya mtu anaweza kufanya hivyo katika saa ya kwanza ya kucheza. Asiishie kwenye kuvunja kioo, maana kioo ni rahisi. Achukue kitu kimoja, akipeleke kwenye moto, majini na mbele ya adui, aone kama kinatenda tofauti kila mahali. Aangushe kitu, asafiri mbali, arudi. Kisha azibe njia kwa maboksi au gari na amchokoze adui aliye upande wa pili. Adui akizunguka kutafuta njia nyingine, ramani ya njia inajua kwamba dunia imebadilika. Akibaki anatembea pale pale uso ukiwa kwenye boksi, mazingira yale yamebadilika machoni pa mchezaji peke yake.